Mia tano ya tuisheni inanunua nini

Ujumbe uliingia saa mbili usiku kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la sita. "Wazazi habari za jioni. Kuanzia Jumatatu watoto watabaki kwa masomo ya ziada, saa tisa mpaka saa kumi na moja. Mchango sh. 500 kwa siku. Tushirikiane kwa ajili ya ufaulu wa watoto wetu." Vikafuata vidole gumba, zikafuata "amina" mbili tatu, kisha mama mmoja akauliza: "Samahani mwalimu, ni lazima au hiari?"

Hakujibiwa. Asubuhi watu walisalimiana humohumo, wakaulizana habari za sare na tarehe ya kufunga shule, swali la yule mama likazidi kusogezwa juu mpaka likapotea.

Shule siitaji, maana ujumbe wa namna ile ungeweza kutoka shule yoyote kati ya Mbagala na Mwanza. Nilichobaki nacho ni lile swali, na mengine yaliyo nyuma yake ambayo wazazi huulizana pembeni. Hivi tuisheni inasaidia kweli? Asiyekwenda ndiyo basi tena? Mbona elimu ni bila ada na kila siku natoa mia tano? Na kama ina madhara, kwa nini isipigwe marufuku tukapumzika?

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu nusu ya ubishi hutokana na watu kuliita jina moja jambo ambalo si moja. Tuisheni ni masomo yaleyale ya shule, yanayofundishwa nje ya ratiba ya shule, kwa malipo. Likikosekana mojawapo kati ya hayo matatu, tunaongelea kitu kingine. Mtoto anayekwenda madrasa au mazoezi ya mpira hayuko tuisheni, maana huko hakufundishwi masomo ya mtihani wa shule. Mwalimu anayewabakiza watoto sita wasiojua kusoma akawafundisha bila kuwadai kitu, hayo ni masomo rekebishi, na ni sehemu ya kazi yake. Mchango wa mlinzi au wa uji nao ni habari nyingine kabisa, ingawa mara nyingi hupokelewa na mkono uleule, na hapo ndipo mzazi anapoanza kuchanganyikiwa.

Wataalamu wameipa tuisheni jina la elimu kivuli. Aliyelieneza zaidi ni Mark Bray, mtafiti aliyeiandikia UNESCO juu ya jambo hili mwaka 1999. Hoja yake ni kwamba tuisheni haina njia yake yenyewe. Inaufuata mfumo rasmi kama kivuli kinavyomfuata mtu: akinenepa kinanenepa, akigeuka kinageuka.

Hapa Tanzania kivuli hicho unakiona mchana kweupe. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo tuisheni ya darasa la nne hujaa kuliko ya darasa la tatu. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na watoto hawajamaliza hata kufua sare zao nguzo za umeme zinakuwa zimeshabandikwa mabango ya PRE FORM ONE, masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Biashara hiyo ya miezi michache imezaliwa na uamuzi wa kisera: shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza mmeng'enyo wa chakula bila wasiwasi, Januari anaambiwa aeleze hayohayo kwa lugha ambayo hawezi kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Shule zina kozi ya utangulizi ya Kiingereza wiki za mwanzo za kidato cha kwanza, lakini mzazi mwenye uwezo hangoji. Mwenye tuisheni hakulichimba hilo korongo. Amelikuta, akalaza gogo juu yake, na sasa anatoza nauli ya kuvukia.

Ndani ya tuisheni yenyewe kuna biashara tofauti kabisa. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna moja. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, anayesubiri mambo ya chuo yakae sawa, ameegemeza ubao kwenye mwembe. Watoto wanakalia mbao zilizolazwa juu ya matofali, na waliochelewa wanakaa upande wa jua. Saa kumi kamili anapitisha kopo tupu la Blue Band, kila mmoja anatumbukiza mia tano yake. Asiye nayo ananong'ona, na kijana anaandika jina lake kwenye kaunta buku, nyuma kabisa, ukurasa wa madeni. Darasa la tatu na la saba wote wako mbele ya ubao mmoja uliogawanywa kwa mstari wa chaki. Nimewahi kuwahesabu, wakafika 60.

Hiyo ni tuisheni. Ya Masaki na Mikocheni, kwa wenye nacho wa Dar es Salaam, nayo ni tuisheni: mwalimu anakuja nyumbani, anakaa na mtoto mmoja sebuleni, feni inazunguka, analipwa kwa mwezi. Kuna ya kidato cha nne, ukumbini, mwalimu wa fizikia anafundisha kwa maiki na mlango umejaa waliosimama. Kuna kambi za likizo. Halafu kuna ile ya ujumbe wa WhatsApp, mwalimu wa darasa kuwafundisha wanafunzi wake mwenyewe, kwenye darasa lilelile, kwa saa mbili baada ya kengele. Mtu akikuuliza kama tuisheni inasaidia bila kusema ipi, ni sawa na kuuliza kama usafiri ni mzuri. Bodaboda au treni?

Mtaani jibu hutolewa kwa kumtaja mtoto wa fulani. Alikwenda tuisheni, leo yuko shule ya vipaji maalumu. Ushahidi huo una mtego. Ukihesabu vifo, utakuta waliolazwa hospitali wanakufa zaidi kuliko wanaoshinda Kariakoo wakiuza mitumba. Hakuna atakayesema hospitali inaua. Waliolazwa walikuwa wagonjwa tangu mwanzo. Tuisheni ina mtego huohuo, tena unaonasa pande mbili. Wanaopelekwa na wazazi wenye fedha wana vitabu, taa ya kusomea na chai asubuhi, kwa hiyo wangefanya vizuri hata bila tuisheni, na sifa yote inakwenda kwa tuisheni. Upande wa pili wapo wanaopelekwa kwa sababu wameshaanza kufeli, na hao wanaifanya tuisheni ionekane haina kazi. Ukichanganya makundi hayo ukapiga wastani, unapata namba isiyokuambia kitu.

Njia ya kuukwepa mtego ni bahati nasibu: kura ndiyo iamue nani apate msaada na nani asubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Pratham nchini India liliwaajiri mabinti waliomaliza sekondari, wenyeji wa maeneo yaleyale, wakafundishe kwenye shule za serikali katika miji ya Mumbai na Vadodara. Waliitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto. Kila mmoja alichukua watoto kama 15 hadi 20 waliobaki nyuma, kwa saa mbili za siku ya shule, akarudi nao kwenye kusoma na hesabu za mwanzo. Shule zilipangiwa kwa bahati nasibu darasa lipi lipate binti huyo na lipi lisubiri, hivyo watafiti wakaweza kulinganisha watoto wasio na tofauti nyingine. Wawili kati ya watafiti hao, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, nitayasema kwa nafasi za darasani. Chukua watoto 100, umpate wa katikati, wa 50. Katika madarasa yaliyopata balsakhi, baada ya mwaka wa pili mtoto kama huyo alikuwa amepanda kiasi cha kufika nafasi ya 39 hivi. Faida ilikwenda hasa kwa waliokuwa mkiani. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha, sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imepungua, ingawa kiasi kilibaki. Sasa rudi kwenye maana tuliyoanza nayo. Mabinti wale walifundisha ndani ya saa za shule na mzazi hakulipa chochote. Kwa hiyo jaribio linalotajwa sana kuthibitisha kwamba msaada wa ziada unafaa halikuwa tuisheni hata kidogo.

Wauzaji hupenda namba nyingine. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa peke yake na mwalimu anaweza kuwazidi 98 kati ya 100 wa darasa la kawaida. Ndoto nzuri. Mapitio ya majaribio 96 yaliyotolewa mwaka 2020, ya nchi tajiri, yalikuta faida kubwa lakini ya kawaida zaidi: yule wa 50 anasogea mpaka kama nafasi ya 36. Mapitio hayohayo yalionyesha kwamba masomo ya namna hiyo hufanya kazi vizuri zaidi yakiwa ndani ya saa za shule kuliko baada yake, na yakitolewa na walimu au wasaidizi waliofunzwa kuliko watu wa kujitolea. Tena yalihusu mtoto mmoja mmoja au kikundi kidogo, si 60 chini ya mwembe.

Kwa nini udogo wa kikundi uwe na uzito kiasi hicho? Nilielewa vizuri Jumapili moja, jirani yangu Mama Rehema aliponiletea bintiye na daftari. Rehema yuko darasa la sita, na kwa miaka miwili amekuwa mteja wa mwembe. Swali lilikuwa 1/2 + 1/3. Alikuwa ameandika 2/5, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na kijana akampiga mkasi mwekundu.

"Nusu chapati," nikamwambia, "ukiongezewa kipande kingine, utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu?"

Akacheka. "Zaidi."

"Na mbili ya tano, ni zaidi ya nusu au pungufu?"

Akatulia. Akachora duara, akaligawa vipande vitano vilivyopinda, akatia rangi viwili. "Pungufu," akasema, akaniangalia kama mtu aliyeibiwa chapati.

Nikamuuliza tunafanyaje. Akajibu kwa wimbo: "Tunatafuta KDS!" Kigawe Kidogo cha Shirika, kinaimbwa kila jioni nausikia dirishani kwangu. Nikamwomba anitajie vigawe vya 3. Tatu, sita, tisa, kumi na mbili. Vya 7? Saba, kumi na nne... mikono ikashuka chini ya meza, vidole vikaanza kazi. Hapo ndipo kidonda kilipo. Rehema anafundishwa sehemu za darasa la sita huku tebo ya darasa la tatu haijakaa kichwani. Miaka miwili ya kukopi mitihani iliyopita haikuweza kuligundua hilo, na simlaumu kijana. Mwenye watoto 60 anafuata mtihani. Hana muda wa kufuata kichwa cha mmoja mmoja. Akiona 2/5 anapiga mkasi na kuita swali linalofuata.

Mabinti wa Mumbai hawakuwa wasomi kuliko kijana wetu. Walichokuwa nacho ni watoto wachache na ruhusa ya kurudi nyuma.

Kwa hiyo ile imani kwamba saa nyingi ndiyo ufaulu, naiona imetupotosha kuliko zote. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi na mbili jioni, na mzazi anaridhika kwa kuwa mtoto "anasoma". Zile saa mbili za jioni zikirudia kitu kilekile kilichomshinda asubuhi, kwa namna ileile, zinamfundisha jambo moja tu: kwamba yeye hesabu haziwezi.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo tuisheni inapogusa usawa. Mwaka wa shule Tanzania una siku 194 za masomo. Mia tano mara 194 ni sh. 97,000 kwa mtoto mmoja. Ada ya sekondari ya kutwa iliyofutwa kuanzia Januari 2016 ilikuwa sh. 20,000 kwa mwaka. Mzazi anayetoa mia tano kila siku, kidogokidogo kiasi cha kutosikia maumivu, analipa karibu mara tano ya ada ambayo serikali ilimwondolea. Akiwa na watoto watatu ni sh. 291,000. Kwa mwenye mshahara wa benki huo ni mwezi mmoja wa kubana matumizi. Kwa mama anayekaanga mihogo, hiyo ni mihogo mingi.

Wengine husema basi walipe wenye nacho, wasio nacho wabaki na shule yao, nani kamzuia mtu? Ingekuwa rahisi hivyo kama shule isingekuwa na nafasi za kugombania. Simama kituo cha Mbagala Rangi Tatu asubuhi. Daladala linaingia, mjanja mmoja anapitia dirishani, anapata siti. Kesho yake wameiga kumi. Wiki ijayo kila mtu anapitia dirishani, mashati yanachanika, wazee na wajawazito wanabaki chini, na siti ni zilezile. Nafasi za shule za vipaji maalumu kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe au Kilakala ni siti za namna hiyo. Tuisheni ya wote haiziongezi hata moja. Inapandisha tu gharama ya kuwania, na anayebaki chini ni yule ambaye hakuwa na nguvu ya kurukia dirisha.

Mfano huo una mwisho wake, na ni vizuri kuusema. Kujua kusoma si siti. Watoto wote wa kata wakijua kusoma, hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Tuisheni inayomtoa mtoto kwenye kutojua hadi kujua ni faida tupu kwa wote. Ile inayomfundisha mbinu za kumpita mwenzake kwenye orodha ndiyo ya dirishani. Bahati mbaya zote mbili hutozwa bei moja, na inayotangazwa zaidi ni ya pili. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa, lakini kiu ya orodha haijaisha, na mabango ya "tumefaulisha" bado yako barabarani. Na tukiwa hapo, ile hofu kwamba bila tuisheni mtoto hataiona sekondari imepitwa na wakati. Siku hizi anayefaulu darasa la saba hupangiwa kidato cha kwanza. Kinachogombewa ni shule ipi.

Wapo pia wasiofikiwa na tuisheni hata wakiwa na mia tano. Kijijini, ambako shule iko mwendo wa saa nzima kwa miguu, mtoto akibaki mpaka saa kumi na moja atarudi gizani. Msichana anayesubiriwa na ndoo na sufuria nyumbani hawezi kubaki, wakati kaka yake anaweza. Kijana wa mwembe naye hafungui kijiwe mahali penye wateja wanane. Kwa hiyo tuisheni inafuata msongamano wa watu na fedha, ilhali uhitaji mkubwa zaidi wa msaada uko kule ambako haifiki.

Nimeiacha kwa makusudi ile ya ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu ndiyo inayonisumbua kuliko ya mwembe na ya Masaki. Mwalimu anapouza jioni somo ambalo ameajiriwa kulifundisha asubuhi, anakuwa na sababu ya kutolimaliza asubuhi. Sisemi kila mwalimu anafanya hivyo. Nasema sababu ipo, na sababu ikikaa muda mrefu hupata wafuasi. Mwanauchumi Seema Jayachandran alilichunguza jambo hili nchini Nepal, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 alikuta kwamba shule inapotoa tuisheni ya kulipia, walimu hufundisha kidogo zaidi ndani ya saa za kawaida. Anayeumia ni yule asiyelipa. Mtoto wa Masaki akipata mwalimu sebuleni hajamwondolea Rehema kitu darasani. Mada ikiachwa katikati saa tano asubuhi ili imaliziwe saa tisa na nusu kwa waliolipa, asiyelipa ameondolewa kilichokuwa chake. Ndiyo maana wazazi wengi hulipa wakiwa wameshika roho: hawanunui ziada, wanakomboa kile walichoahidiwa bure.

Haki ya mwalimu nayo isemwe. Mwongozo unataka watoto 45 kwa darasa la msingi. Baada ya ada na michango kuondolewa mwaka 2016 watoto waliandikishwa kwa wingi, jambo jema, na madarasa ya mijini yakafurika. Dar es Salaam darasa la zaidi ya watoto 100 halimshangazi mtu. Mpe mtu watoto 120, chaki na dakika 40, kisha umuulize kwa nini hakumwona Rehema akihesabu vidole. Walimu wengi ninaowajua hawafichi mada. Wanaona hazikwishi, na jioni ndiyo wakati pekee wanaopata watoto 40 badala ya 120. Kinachotofautisha msaada na biashara ni kile kinachompata asiye na mia tano: anaruhusiwa kukaa, au anaambiwa abebe mkoba?

Basi ipigwe marufuku? Imeshapigwa, mahali pengi. Kenya iliandika katazo la tuisheni ya likizo kwenye Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37: kifungo kisichozidi mwaka mmoja, faini isiyozidi shilingi 100,000 za huko, au vyote. Tuisheni ikabadilisha jina, ikawa "remedial" au pesa ya motisha, maisha yakaendelea. Korea Kusini ilipiga marufuku ya nchi nzima mwaka 1980 chini ya Chun Doo-hwan. Matajiri wakaendelea kwa siri, bei ikapanda, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikasema katazo lile linavunja katiba. China, Julai 2021, iliyazuia makampuni ya tuisheni kujipatia faida kwa masomo ya elimu ya lazima na kufundisha wikiendi na likizo. Makampuni makubwa yalianguka, lakini mafundisho ya kificho yakabaki, kwa bei ambayo mzazi wa kawaida haiwezi. Kwetu wizara nayo hutoa makatazo ya kufundisha watoto wakati wa likizo, na likizo inayofuata unayasikia tena, ishara kwamba yaliyotangulia hayakushika.

Katazo humkamata anayeonekana. Mwembe unaonekana, sebule ya Masaki haionekani. Na kivuli hakifutwi kwa ufagio. Ukitaka kipungue, mtazame mwenye kivuli: mtihani, lugha, ukubwa wa darasa, na zile saa mbili za balsakhi ambazo zingeweza kuwekwa ndani ya ratiba. Kama kuna katazo moja ningelisimamia, ni la mwalimu kutoza wanafunzi wa darasa lake mwenyewe. Hilo ni finyu, linapimika, na linagusa pale penye sumu.

Kwa mzazi wa leo, ambaye hawezi kusubiri sera, ninapendekeza swali moja kabla ya kutoa mia tano ya kesho. Muulize anayefundisha: mwanangu amekwama wapi? Akikujibu "tebo ya saba" au "hajui kutenganisha wazo kuu na mfano kwenye ufahamu," huyo amemwona mtoto wako. Akikujibu "aongeze bidii tu mama," hajamwona. Vitu vingine viko bure na havisemwi sana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Baraza la Mitihani huchapisha kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali: wengi walikosea nini na kwa nini. Ni usomaji wa kuchosha, lakini nimejifunza humo kuliko kwenye mkutano wowote wa wazazi.

Mama Rehema nilipomweleza habari ya tebo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa jirani, nikimwachisha tuisheni, atakaa na nani mpaka nirudi sokoni?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Chini ya mwembe kuna kivuli, kuna wenzake, na kuna mtu mzima anayejua majina yao. Kwa mia tano, mahali pa kumwacha binti wa miaka 12 mpaka saa kumi na mbili jioni ni bei nafuu sana, na hakuna utafiti niliousoma uliompimia mama faida hiyo. Tulikwenda wote wawili kwa yule kijana. Hakukasirika. Alisema anao wengine saba wa namna hiyo, akakubali kuwatenga dakika 20 za mwanzo kila siku, na akaomba tumnunulie boksi la chaki. Sasa dirishani kwangu inasikika tebo ya saba kabla ya wimbo wa KDS. Saba mara nane bado wanaisema kwa sauti ya chini kuliko nyingine.

Usiku ule nilirudi kwenye kundi la wazazi, nikapandisha juu mpaka nikalikuta swali la yule mama, nikalijibu: ni hiari, na kwa Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 mtoto harudishwi nyumbani kwa kukosa mchango. Vikaja vidole gumba vitano. Cha mwisho, karibu saa sita usiku, kilikuwa cha mwalimu.